Nyatiti Ndani ya Katriji ya Manjano

Muziki wa gemu za zamani usiuamini ukiusikia kwenye kompyuta. Pale kila kitu huonekana kimeiva: spika nzuri, emuleta inayoigiza mashine ya Japani au ya Marekani bila dosari, na wewe mtunzi umeketi mbele yake umejaa furaha. Hebu uupeleke kwenye mashine ambayo watoto wa Kisumu waliichezea kweli, ile ya kuchomekwa nyuma ya televisheni kwenye tundu la antena, uone wimbo wako unavyogeuka kuwa wa mtu mwingine.

Wengi wa rika langu wanaijua. Ilitoka Uchina ndani ya boksi lenye picha za magari na wanajeshi ambao huwaoni popote ukiiwasha, pamoja na katriji za manjano zilizoandikwa kwamba zina mamia ya gemu. Ukihesabu unakuta ni zilezile chache zimebadilishwa majina. Sisi tuliiita gemu ya TV, basi. Kumbe ni nakala ya Famicom, mashine ambayo Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983. Chipu ya asili ni ya Ricoh na huitwa 2A03: prosesa ya ukoo wa 6502 pamoja na kitengo cha sauti, vyote kwenye kipande kimoja. Hii ninayotumia, niliyoinunua soko la Kibuye kwa jamaa aliyekuwa akiuza rimoti na chaja, ina chipu iliyochapwa UA6527P, ya kampuni ya UMC ya Taiwan. Chipu hiyo moja imenifundisha mengi kuliko kozi yoyote niliyowahi kulipia.

Gemu yenyewe tunaitengeneza wawili. Dada mmoja wa Nakuru anaandika kodi na kuchora; mimi kazi yangu ni muziki na milio. Mchezaji ni mvuvi wa omena anayetoka ufuo wa Dunga usiku na taa zake, anakwepa viboko na magugumaji, na kukicha anauza alichopata. Tangu mwanzo tulikubaliana kwamba hatutaki kuiga muziki wa Wajapani. Wao walifanya kazi kubwa na heshima yao iko palepale, ila mvuvi wetu lazima asikike kuwa ametoka ziwa hili.

Chipu ina sauti tano, kila moja na tabia yake. Mbili ni mawimbi ya mraba, ambayo unene wake unauchagua kati ya asilimia 12.5, 25, 50 na 75, na ukubwa wa sauti una ngazi 16. Ya tatu ni wimbi la pembetatu, laini, lisilo na kidhibiti cha ukubwa wa sauti hata kidogo: ama linalia ama limenyamaza. Ya nne ni kelele. Ya tano hucheza vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2, na katriji ya aina rahisi tuliyoichagua ina kilobaiti 32 za programu na 8 za picha. Muziki, milio, sheria za mchezo, akili za viboko, vyote vinagombea hizo 32.

Mtu akiona orodha hiyo huanza kuhesabu kinachokosekana. Mimi niliiona nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Ina nyuzi nane zilizogawanywa nne nne, mikono miwili ikijibizana: hizo ni sauti mbili za mraba. Mpigaji huvaa pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye mbao za ala. Pembetatu ikishushwa ghafla kutoka juu hadi chini ndani ya fremu chache, yaani picha chache za televisheni, hutoa mlio huo wa mti, kisha inarudi kwenye besi kabla sikio halijagundua kwamba iliondoka. Njuga za mguuni, gara, zikaenda kwenye kelele, kwa sababu kelele ya chipu hii ina hali mbili: mfuatano mrefu wa hatua 32,767, ambao huvuma, na mfuatano mfupi wa hatua 93, ambao hulia kibati. Gara ni huo wa kibati. Na benga, muziki wa gitaa wa Waluo, ambayo udonoaji wake wa gitaa umetokana na nyatiti, inakaa humohumo bila kusukumwa: gitaa la solo, gitaa la pili la kuziba mapengo, na besi isiyokubali kukaa nyuma.

Kuifikisha kazi hiyo kwenye mashine halisi kulihitaji fundi. Katriji nyingi za manjano chipu yake imefunikwa kwa tone la gundi nyeusi, haibanduki. Fundi wangu wa redio, mtu asiyetupa kitu, alichimbua katriji moja ya zamani zaidi yenye chipu za miguu, akayeyusha risasi iliyozishikilia na kuzitoa, akaweka soketi, akahamisha waya kadhaa kwa kufuata mchoro. Sasa tunachomeka EPROM, chipu za kumbukumbu zinazofutika, za aina ya 27C256, zile zenye kidirisha cha kioo juu, ambazo hufutwa kwa taa ya mwanga wa urujuanimno. Bandika stika kwenye kidirisha. Watengenezaji wenyewe huandika kwamba jua la moja kwa moja hufuta chipu hiyo kwa takriban wiki moja, na sidhani waliandika wakilifikiria jua la Kisumu mwezi wa pili.

Tulipoiwasha mara ya kwanza, fundi aliinua kichwa kutoka kwenye meza.

"Huyu mvuvi wenu ni mgonjwa?"

Alikuwa na haki. Wimbo ulikuwa umepoa, unakokota miguu. Sababu si fumbo: programu ya muziki huitwa mara moja kwa kila fremu ya televisheni. Marekani na Japani ni fremu 60 kwa sekunde. Televisheni za Kenya zilifuata mfumo wa PAL, fremu 50, na nakala zilizoletwa huku zilitengenezwa kwa ajili ya mfumo huo. Nilikuwa nimepanga kila hatua ya wimbo ichukue fremu 6, hatua nne kwa pigo moja. Kwa fremu 60 hiyo ni mapigo 150 kwa dakika. Kwa fremu 50 ni 125. Benga ya mapigo 125 ni ya watu wanaosubiri basi. Bahati nzuri hesabu yenyewe ina mlango: fremu 5 kwa hatua kwenye mashine ya 50 ni sawasawa na fremu 6 kwenye mashine ya 60. Namba moja tu inabadilika, na mapigo 150 yanarudi.

Baadaye niliacha hata hiyo 5 iliyonyooka. Nikaweka fremu 6 kwa hatua ya kwanza na 4 kwa inayofuata, zikipokezana. Jumla haibadiliki, mwendo ni uleule, ila kila hatua ya pili inafika imechelewa kidogo, na hapo mabega yanaanza kucheza yenyewe. Ukijaribu 7 na 3 inakuwa kiwete. Kati ya kucheza na kuchechemea pana sehemu moja ya 50 ya sekunde.

Jambo la pili lilikuwa la ajabu zaidi. Gitaa la solo nililichagulia unene wa asilimia 25, sauti kali, nyembamba, yenye makali ya waya. Kwenye televisheni likatoka limevimba, na uwazi katikati, kama filimbi. Nilikagua faili, nikakagua EPROM, kila kitu kilikuwa sawa. Tatizo liko kwenye nakala zenyewe: kwenye nyingi ya chipu hizi, biti mbili zinazochagua unene wa wimbi zimebadilishana nafasi. Ukiomba 25 unapewa 50, ukiomba 50 unapewa 25. Watoto wengi wa Kiafrika na wa Ulaya Mashariki wamekua wakiamini kwamba nyimbo maarufu za gemu zinalia hivyo, na mimi nikiwa mmoja wao. Siku niliyosikia mashine ya asili nilidhani ndiyo iliyoharibika.

Dawa yake ni ya bure. Wimbi la asilimia 75 ni lile la 25 lililogeuzwa juu chini, na sikio halitofautishi kati ya hayo mawili. Kwa biti, 75 ni moja-moja. Zibadilishane nafasi mara ngapi, zinabaki moja-moja. Kwa hiyo gitaa langu halijui tena 25 ni nini. Linatumia 75, na mashine zote, ya asili na ya Kibuye, hutoa sauti moja. Asilimia 12.5, ambayo ni sufuri-sufuri, nayo ni salama kwa sababu hiyohiyo. Mtu akiniuliza ushauri mmoja wa kutunga kwa ajili ya nakala hizi, ni huo.

Upande wa juu na chini wa noti, mashine yangu ilinipendelea. Chipu haijui noti. Haijui A wala B, wala do re mi. Inajua namba kati ya 0 na 2047, ambayo, kwa sauti za mraba, huihesabu kwenda chini kwa nusu ya mwendo wa prosesa. Ikifika mwisho, wimbi husogea hatua moja. Chukua mwendo wa prosesa, gawa kwa 16, kisha gawa kwa namba hiyo ukiwa umeiongeza moja, unapata masafa ya noti. Famicom ikienda megahezi 1.79, A ya 440 Hz ni 253. Namba hiyohiyo kwenye mashine rasmi ya PAL iliyouzwa Ulaya, ambayo prosesa yake ni ya polepole, hutoa karibu 409 Hz, zaidi ya nusu toni chini. Nilijiandaa kwa hilo. Nikaweka simu yenye programu ya kutunia gitaa mbele ya spika ya televisheni, nikapiga A, ikasoma 436. Waliotengeneza nakala za namna hii walichukua picha ya fremu 50 lakini wakaipa prosesa megahezi 1.77, jirani kabisa na ya Kijapani, ili gemu zilizonakiliwa zisiachane sana na asili yake. Kwangu A ni 251, na jedwali lote la noti nililihesabu upya.

Nilipokuwa nalihesabu ndipo nilipojiuliza kwa nini liwe la piano. Hakuna aliyeilazimisha chipu iwe piano. Majedwali yanayonakiliwa kila mahali ndiyo ya piano. Nikaenda mtaa wa Nyalenda kwa mzee mmoja anayepiga nyatiti kwenye matanga na harusi.

"Jaduong', naomba unipigie uzi mmoja mmoja nirekodi."

"Mmoja mmoja utasikia nini? Uzi peke yake hausemi kitu."

Hata hivyo alinipigia, akitema mate pembeni kati ya uzi na uzi kuonyesha maoni yake. Uzi wa tatu ulisoma takriban 320 Hz. Piano haina kitu hapo: ina 311, kisha inaruka hadi 330. Kwenye mashine yangu 311 ni namba 355 na 330 ni 335. Nikaandika 345. Nilipomrudishia kwenye simu wimbo uliopigwa kwa nyuzi zake mwenyewe, alisikiliza hadi mwisho, akaniambia nirudie, kisha akasema, "Huyu sasa anaongea Dholuo." Halafu akalalamika kwamba anaongea bila kupumua, na hapo pia alikuwa sahihi, niliongeza vimya vifupi mwishoni mwa kila mstari.

Uhuru huo una mpaka. Ukipanda juu sana namba zinakuwa ndogo na hatua kati yake zinakuwa pana. Karibu na 1,750 Hz, kutoka namba moja hadi inayofuata unaruka kama 28 Hz nzima, na hakuna pa kusimama katikati. Nyatiti yangu kwa hiyo haipandi huko. Inakaa chini na katikati, ambako ndiko inakokaa hata Nyalenda.

Chini nako kuna mtego wake, na huu ni wa televisheni. Besi ya pembetatu kwenye vipokea sauti vya masikioni ilikuwa nzito, tamu. Kwenye spika ndogo ya televisheni ya inchi 14 ilitoweka kabisa, ukabaki ukisikia magitaa yanayoelea. Wimbi la pembetatu lina mitetemo ya juu hafifu mno, kwa hiyo spika ikishindwa kutoa noti yenyewe, hakuna mabaki ya kulidokezea sikio kwamba kulikuwa na besi. Nilipandisha mstari wote oktava moja. Kwenye kompyuta sasa unasikika mwembamba kidogo, na wapenzi wa kompyuta watanisamehe.

Milio ya mchezo ndiyo iliyotugombanisha na dada wa Nakuru. Sauti ni tano tu, kwa hiyo kila mlio lazima uibe nafasi ya muziki. Yeye aliuweka mlio wa kunasa omena kwenye sauti ya pili ya mraba, kama wengi wanavyofanya, na katika muziki wa kawaida wa gemu hakuna anayeona tofauti. Katika benga, gitaa la pili likikatika kila samaki anaponaswa, wimbo unatoboka. Tena omena hawanaswi mmoja mmoja.

"Basi samaki wasilie," akaniandikia kwenye WhatsApp, amekasirika.

Tulichokubaliana ni kwamba samaki wanalia kwenye kelele, kibati kifupi cha fremu mbili, kikiangukia mahali ambapo gara ingelia hata hivyo. Kiboko yeye ni mfalme, anaruhusiwa kupora kelele na pembetatu kwa pamoja: pembetatu inashuka polepole kutoka 90 Hz, kelele ndefu inavuma juu yake, na besi ya wimbo inanyamaza. Kimya hicho cha besi kinatisha kuliko mlio wenyewe. Muziki wakati huo unaendelea kuhesabu hatua zake kimoyomoyo bila kugusa rejista, zile sehemu za chipu zinazopokea namba, ili kiboko akizama kila kitu kirudi mahali pake. Na programu ya muziki haiitwi tena kutoka kwenye mzunguko mkuu wa mchezo, bali kwenye ishara ya kila fremu, picha zikishaandikwa. La sivyo viboko wakizidi, hesabu zinachelewa, na wimbo unalewa.

Sauti ya tano, ya kurekodi, tuliijaribu kwa neno moja la mvuvi: "Twende!" Kwa ubora wa juu kabisa inameza zaidi ya baiti 4,000 kwa sekunde, nasi tulikuwa na nusu sekunde. Tukaona mtumbwi unaenda kulia peke yake wakati neno linachezwa. Kwenye chipu za Famicom za Japani na Marekani, kitengo hiki kikichota data yake kinaweza kugongana na usomaji wa padi ya mchezaji na kuifanya iruke biti moja, ndiyo maana waandishi waangalifu husoma padi mara mbili na kukubali majibu yakifanana tu. Dada alirekebisha hivyo jioni hiyohiyo. Halafu tukalifuta neno, kwa sababu baiti 2,000 ni nyimbo mbili.

Sasa mzee anataka orutu. Alisema nyatiti peke yake usiku ziwani ni upweke. Orutu ina uzi mmoja na upinde, haina noti za kukatika, inateleza. Kuteleza ndiko chipu hii inakokuchukia. Namba ya noti imegawanywa sehemu mbili: biti 8 za chini kwenye rejista moja, 3 za juu kwenye nyingine, na kila ukigusa ile ya juu, wimbi linaanza upya na spika inatoa mlio wa "tik". Mpaka uko kati ya 255 na 256, na A yangu ni 251: ukiitikisa noti hiyo kidogo tu unauvuka mpaka mara kumi kwa sekunde. Kuepuka kuiandika rejista ya juu isipobadilika kunasaidia kwa noti zilizotulia. Kwa orutu hakusaidii.

Njia ipo, na imenichukua muda kuielewa. Chipu ina kitengo chake cha kutelezesha noti, ambacho kikibadilisha namba hakianzishi wimbi upya. Ukitaka kupanda kutoka 255 hadi 256, unaijaza sehemu ya chini iwe 255, unakiamuru kitengo hicho kiongeze hatua ndogo kabisa, unakilazimisha kifanye kazi papo hapo kwa kuandika kwenye rejista ya kihesabu fremu, biti za juu zinapanda zenyewe, kisha unaweka sehemu ya chini unayoitaka. Kurudi ni kinyume chake. Nimeijaribu kwenye mashine ya Kibuye na inateleza bila "tik" hata moja. Inakula baiti 90 za kodi. Zimebaki 212 kwenye katriji, na dada wa Nakuru ameshanitumia mchoro wa kiboko wa pili, mwenye mtoto mgongoni. Nimemwambia orutu kwanza. Hajajibu tangu Jumamosi.